Mahadhi Yasiyoandikwa: Guqin Baina ya Chumba na Jukwaa

Mwanahistoria mkuu wa China ya kale, Sima Qian, anasimulia namna Confucius alivyojifunza kupiga guqin kwa mwalimu wa muziki aitwaye Shi Xiang. Siku kumi zilipita na mwanafunzi hajaomba wimbo mwengine. Mwalimu akamwambia kuwa sasa anaweza kuendelea mbele. Confucius akajibu kuwa lahani ameipata, ila utaratibu wake bado. Zikapita siku, mwalimu akamwambia kuwa utaratibu ameshaupata, na aendelee. Akajibu kuwa hajaipata nia ya wimbo. Alipoipata nia, akasema bado hajamjua mtu aliyeutunga. Mwishowe akazama katika fikra nzito, kisha akasema kuwa sasa amemwona: mrefu, mweusi wa sura, macho yake yakitazama mbali, naye hawezi kuwa mwengine ila Mfalme Wen. Shi Xiang akainuka pale alipoketi, akamwinamia mwanafunzi wake, kwani na yeye alipofundishwa aliambiwa hivyo hivyo, kwamba wimbo ule ni wa Mfalme Wen.

Hatuna haja ya kubishana iwapo kisa hiki ni historia au hekaya. Faida yake kwetu sisi wapenzi wa ushairi ni kwamba kimeweka ngazi nne za kujifunza sanaa: lahani, utaratibu, nia, na mtu. Katika makala haya tunakusudia kuzitumia ngazi hizo kuwa mizani ya kupimia jambo moja: ala hii, ambayo kwa zaidi ya miaka elfu mbili ilifundishwa uso kwa uso na kupigwa aghalabu mbele ya msikilizaji mmoja au wawili, imefikaje jukwaani, na imebakiwa na nini ilipofika huko.

Kwa asiyeijua, guqin ni ubao mrefu, mwembamba, wenye urefu wa kiasi cha sentimita 120, unaolazwa mezani mbele ya mpigaji. Kwa hakika ni mbao mbili zilizounganishwa na kuachiwa uwazi katikati: wa juu ni wa mti mwepesi, wa chini ni wa mti mgumu zaidi. Hupakwa utomvu wa mti uliochanganywa na unga wa pembe za kulungu, ukakauka ukawa kama gamba. Nyuzi zake ni saba, na zamani zote zilikuwa za hariri iliyosokotwa. Wasomaji wetu waliokulia kwenye taarab wanaijua kanuni, ambayo ina nyuzi sabini na zaidi, kila sauti na nyuzi zake. Guqin haina anasa hiyo. Nyuzi saba hizo zinatakiwa zitoe sauti zote, na kazi hiyo imeachiwa kidole cha mkono wa kushoto, kinachoongozwa na vidoto 13 vya gamba la chaza vilivyopachikwa ubavuni mwa ubao.

Sauti zake ni za namna tatu. Ipo sauti ya uzi uliopigwa bila ya kubanwa, nzito na ya kina, ambayo Wachina wa kale waliinasibisha na ardhi. Ipo sauti ya uzi uliokaribiwa tu na kidole bila ya kukandamizwa, nyepesi mithili ya kengele ndogo, nayo waliinasibisha na mbingu. Na ipo sauti ya uzi uliobanwa, ambao kidole kikisha kuubana huteleza juu yake, hutikisika, hupanda na kushuka. Hiyo ndiyo ya binadamu. Katika sauti hii ya tatu ndimo ilimo siri ya ala yenyewe. Uzi hupigwa mara moja kwa mkono wa kulia, lakini mkono wa kushoto huendelea kwenda hata baada ya sauti kufifia. Ufikapo mwisho wa mwendo, masikio hayasikii tena ila msuguano wa kidole na hariri, na pengine hata huo hausikiki. Mpigaji anauendeleza wimbo ambao uzi umeshaunyamazia. Asiyezoea hudhani wimbo umekatika. Aliyezoea anaufuata mkono na kuusikia kwa moyo.

Ala ya namna hii haikutengenezwa kwa ajili ya umati. Sauti yake haivuki chumba kwa urahisi. Ilikuwa ni ya wanazuoni, mmoja kati ya vipaji vinne walivyotakiwa kuwa navyo pamoja na mchezo wa bao la weiqi, uandishi wa hati na uchoraji. Mshairi Tao Yuanming, aliyefariki mwaka 427, anasifika kwa kuwa na guqin isiyo na nyuzi. Alipoonja mvinyo aliipapasa na kutosheka na maana yake. Bai Juyi, mshairi mkubwa wa enzi ya Tang, aliandika shairi zima kuhusu guqin iliyotupwa kwa kuwa masikio ya watu wa zama zake yalitaka ala zenye vishindo zaidi. Kwa hiyo malalamiko kwamba ala hii inapitwa na wakati yana umri wa zaidi ya miaka 1,200, nayo ingali hai. Hilo litutahadharishe tusije tukaitangazia msiba kabla ya wakati.

Tugeukie hati yake, maana hapo ndipo lilipo jambo tunalotaka kulisema. Nyimbo za guqin huandikwa kwa alama zilizokatwa kutoka kwenye herufi za Kichina na kufumwa pamoja, mtindo uitwao jianzipu. Alama moja yaweza kusema: kidole cha pete cha mkono wa kushoto kikandamize uzi wa saba penye kidoto cha tisa, na kidole cha kati cha mkono wa kulia kiuvute uzi huo kuelekea ndani. Ni maelezo ya matendo ya vidole, na ni ya undani wa kushangaza. Zipo alama za mtikiso mwembamba na mtikiso mpana, za kuteleza juu na kuteleza chini. Hata vitabu vya mafunzo viliwekewa picha zenye sura ya ushairi: mtikiso mmoja ufanane na njiwa anayelia kubashiri mvua, mwengine ufanane na maua yaliyopukutika yakichukuliwa na mto. Lakini hati hii yenye kusema mengi kiasi hicho imenyamazia jambo moja kubwa. Haisemi sauti idumu muda gani.

Msomaji wa pwani hatalishangaa hilo sana. Hati za tenzi zetu za kale, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zilihifadhi maneno, mizani na vina, mahadhi hazikuyaandika. Aliyeurithi utenzi bila ya kumsikia mghani, anayo maneno lakini hana sauti. Tofauti ni kwamba utenzi una mizani ya kumshika mkono msomaji, naye anaweza kukisia. Mpigaji wa guqin hana hata hiyo. Ama amsikie mwalimu akipiga, au, ikiwa mnyororo wa walimu umekatika, auamshe wimbo mwenyewe kutoka kwenye hati iliyolala.

Kazi hiyo ya kuamsha ina jina lake: dapu. Mpigaji huchukua hati kongwe, kama zile za mkusanyiko uitwao Shenqi Mipu uliotolewa mwaka 1425 na mwana wa mfalme Zhu Quan, akaanza kupiga alama moja baada ya nyengine, akisikiliza wapi vidole vyenyewe vinataka kupumua. Huchukua miezi, na kwa nyimbo ndefu miaka. Yao Bingyan wa Shanghai, aliyefariki mwaka 1983, aliushughulikia kwa njia hii wimbo mfupi wa Jiu Kuang, unaohusu ulevi na kunasibishwa na mshairi Ruan Ji. Alichokipata kilikuwa mwendo wa mapigo matatu, jambo lisilo la kawaida kabisa katika muziki wa Kichina. Ukiusikiliza, unamwona mtu anayetaka kwenda sawa na miguu inamkatalia. Je, ndivyo ulivyopigwa mwaka 1425? Hakuna awezaye kuapa. Lakini Yao hakuzua. Kila alama ya hati ameitii. Alichokitia ni kile ambacho hati ilikiacha wazi. Kwa mizani yetu ya ngazi nne, alianza na lahani akaishia kwa mtu: mlevi yumo mle ndani, tunamjua.

Wimbo wa Guangling San una habari nzito zaidi. Unahusishwa na Ji Kang, mwanafalsafa na mpigaji wa karne ya 3, ambaye yasimuliwa kuwa aliupiga mara ya mwisho kabla ya kuuawa kwa amri ya watawala. Hati yake imo katika Shenqi Mipu. Katika miaka ya 1950, Guan Pinghu wa Beijing aliuamsha, na upigaji wake unachukua zaidi ya dakika 20. Wengine nao waliuamsha kwa namna zao, na hazikufanana. Mhakiki aliyezoea nota za Kizungu atauliza ni upi ulio sahihi. Swali hilo halina nafasi hapa, kama ambavyo hatuulizi ni mghani gani kati ya wawili aliye na mahadhi ya haki, maadamu wote wawili wameyashika maneno.

Huyu Guan Pinghu, aliyezaliwa mwaka 1897 na kufariki mwaka 1967, anastahili tumtazame kwa makini, kwa sababu yeye ndiye aliyeifikisha guqin mbali kuliko mtu yeyote. Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili vya angani vya Voyager, kila kimoja kikiwa na santuri ya dhahabu yenye vipande 27 vya muziki wa walimwengu. China ilipotakiwa kuwakilishwa, mtunzi Chou Wen-chung alipendekeza Liu Shui, Maji Yatiririkayo, kwa upigaji wa Guan: dakika saba na nusu hivi. Wimbo huanza kwa sauti za chini, chache, kama maji yanayotoka mwambani. Kisha huja matone ya sauti nyepesi za mbinguni. Halafu, katikati, hufumka mafuriko: vidole vya mkono wa kulia vinazunguka juu ya nyuzi zote, kwenda na kurudi, huku kidole cha kushoto kikitambaa. Sehemu hiyo iliongezwa katika karne ya 19 na Zhang Kongshan wa Sichuan, na kuchapishwa mwaka 1876. Kwa hiyo hata wimbo huu unaosifiwa kwa ukale umepitia mkono wa mtu aliyethubutu kuuongeza.

Ubora wa Guan haumo katika kasi. Mpigaji wa leo afikapo kwenye mafuriko huonyesha wepesi wa mkono. Guan huonyesha uzito wa maji. Kila mzunguko una mwanzo na mwisho wake, na baina ya mmoja na mwengine kuna pumzi, ndogo sana, ambayo ndiyo inayotufanya tuamini kuwa mto huu una kina. Anapiga kwenye nyuzi za hariri, na msuguano wa kidole unasikika. Ni sauti yenye kwaruzo kidogo, kama sauti ya mzee anayesema neno la kweli. Hapa ngazi ya tatu, ngazi ya nia, imefikiwa bila ya shaka.

Lakini tazama ajabu iliyofuata. Mwaka 1956 Zha Fuxi, pamoja na Xu Jian na Wang Di, walizunguka katika miji mingi ya China wakiwarekodi wapigaji wa guqin. Walikutana na zaidi ya 80. Laiti wasingefanya hivyo, mengi yangepotea, kwani muongo mmoja baadaye yalianza Mapinduzi ya Utamaduni, na kati ya mwaka 1966 na 1976 ala hii ya mabwana wa kale ilitazamwa kwa jicho baya. Ilipopata pumzi tena, hariri ilikuwa imeshaanza kuachiwa nafasi na nyuzi za chuma zilizofungwa nailoni: zinadumu, hazikatiki ovyo, na sauti yake ni kubwa na ndefu. Mwaka 2003 UNESCO iliitangaza guqin kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu usioshikika. Wanafunzi wakaongezeka. Vyuo vya muziki vikaifundisha. Mitihani ikawekwa, yenye madaraja hadi 10, na nyimbo za kila daraja zikachaguliwa. Mahadhi yakaandikwa kwa nota, pembeni ya hati ya kale. Na mengi kati ya hayo yalinakiliwa kutokana na santuri za mabingwa wale wale.

Hapo ndipo tunapoona hatari, nayo sipo wengi wanapoitazama. Wengi hulilaumu jukwaa. Hutaja usiku wa tarehe 8 Agosti 2008, Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa Beijing, na Chen Leiji akaipiga guqin mbele ya watu wapatao 90,000, huku msokoto mkubwa wa picha ukikunjuliwa na wachezaji wakichora kwa miili yao. Hapana shaka, ala isiyovuka chumba iliwekwa mahali ambapo bila ya vipaza sauti isingemfikia hata aliye karibu. Lakini tuseme kweli: usiku ule guqin haikuja kusikilizwa, ilikuja kuonekana. Ilikuwa alama ya taifa, kama bendera. Hakuna mwanafunzi aliyeharibikiwa mahadhi kwa sababu ya sherehe ile, na huenda wako walioanza kujifunza kwa sababu yake.

Lenye kudhuru zaidi ni jambo la kimya kimya: mwanafunzi kufundishwa kwamba pengo la hati limeshazibwa. Akiifungua Liu Shui, anaikuta pumzi ya Guan imegeuzwa kuwa nota yenye thamani ya nusu pigo, na mtihani utampima kwa nusu pigo hilo. Pumzi iliyotokana na maisha ya mtu imekuwa kanuni kwa watu wote. Mwanafunzi huyo anaipata lahani, na utaratibu anaupata barabara, pengine kuliko wanafunzi wa zamani. Kwenye nia anasitishwa, kwa sababu nia ameazimwa. Na aliyeazimwa nia hawezi kumfikia mtu.

Ili tusiseme kwa nadharia tupu, tuulinganishe upigaji wa namna hiyo na ule wa Bibi Tsar Teh-yun wa Hong Kong. Alizaliwa mwaka 1905, akafariki mwaka 2007, naye alikuwa mshairi wa mashairi ya kimapokeo na mwandishi wa hati nzuri kabla ya kuwa mpigaji. Alijifunza kwa Shen Caonong, na kwa miongo mingi akafundisha nyumbani kwake. Mwalimu na mwanafunzi waliketi wakikabiliana, kila mmoja na guqin yake, wakapiga pamoja kipande kwa kipande. Mwanafunzi akisikia, akitazama na kufuata kwa wakati mmoja, mpaka wimbo umkae kwa ghibu. Mmoja wa wanafunzi wake, mtaalamu wa muziki Bell Yung, alikuja kuandika kitabu juu ya maisha yake kilichotoka mwaka 2008. Bibi huyu hakutafuta majukwaa. Rekodi zake zilizotolewa kwenye CD mwaka 2000 zilitokana na kanda zilizorekodiwa nyumbani kwa miaka mingi.

Mtu akizisikiliza baada ya rekodi za kumbi kubwa, mwanzo atadhani sauti imepungukiwa. Hakuna mng'aro. Hakuna mahali panapomwambia msikilizaji kwamba sasa apige makofi. Lakini vipande vya wimbo vinakwenda kama mishororo inayosomwa na mtu anayejua maana ya anachokisoma: kimoja kinarefushwa kwa kuwa kina uzito, kingine kinapitwa upesi kwa kuwa ni kiungo tu. Mapigo hayahesabiki kwa saa, na hata hivyo hayayumbi. Anayejua ghani ataitambua hali hiyo mara moja. Ni mpigaji anayekisema kitu, na hakuna haja ya kumwambia ni nani.

Wako watakaotupinga, na hoja yao ina nguvu. Watasema: chumba kile kilikuwa na mlango mwembamba. Kwa karne nyingi guqin ilikuwa ya wenye elimu na nafasi. Maskini hakuingia, na wanawake walioingia ni wachache. Ni skuli, mtihani, nota na uzi wa chuma wa bei nafuu vilivyoufungua mlango. Hilo ni kweli, wala hatutaki mlango ufungwe tena. Guan mwenyewe aliishi maisha ya dhiki kabla ya kuajiriwa na taasisi ya utafiti wa muziki katika miaka ya 1950. Bila ya taasisi ile Guangling San yake isingekuwapo. Tunachokitaka ni kidogo na kinawezekana ndani ya skuli hizo hizo. Mwanafunzi kabla ya kuhitimu apewe hati moja fupi ya zamani, isiyo na nota pembeni wala santuri, aiamshe mwenyewe, kisha aipige mbele ya walimu na aulizwe kwa nini alipumua pale alipopumua. Mwenye jawabu huyo ameelewa ala yake. Asiye na jawabu, hata akiwa na daraja la 10, bado yuko kwenye siku kumi za mwanzo za Confucius, tena yeye anataka wimbo mwengine.

Wachina wanasimulia pia habari za Boya, mpigaji hodari, na rafiki yake Zhong Ziqi. Boya akipiga akiwaza mlima, Ziqi aliuona mlima. Akiwaza maji, aliyaona maji. Ziqi alipofariki, Boya alikata nyuzi zake na hakupiga tena. Kutokana na kisa hicho Kichina kimepata neno zhiyin, mwenye kuijua sauti, na maana yake leo ni rafiki wa kweli. Guqin basi haikuwa ala ya upweke, kama isemwavyo mara nyingi. Ilihitaji mtu wa pili, awe mwalimu, mwanafunzi au msikilizaji, aliyeketi karibu kiasi cha kukisikia kidole kikiteleza baada ya uzi kunyamaza. Rekodi za Guan na za Bibi Tsar zinapatikana kwa urahisi siku hizi. Msomaji atakayezitafuta azisikilize usiku, sauti ikiwa ya chini, na asiinuke wimbo unapoonekana umekwisha, maana mkono bado unakwenda.